Mtu Niliyemwelekeza Menengai

Nimeandika kisa hiki na kukifuta mara nyingi, kwa sababu najua utakavyonitazama ukimaliza. Nitazame tu. Kilinitokea mimi, mchana, akili zangu zikiwa timamu, na kaka yangu hajarudi mpaka leo.

Kaka yangu Mburu alienda kufanya kazi kwenye meli ya uvuvi nchini Urusi, katika mji wa bandari unaoitwa Petropavlovsk. Mji huo uko mwisho kabisa wa nchi ile, umezungukwa na milima ya volkano, na hakuna barabara ya kuufikia kutoka sehemu nyingine za Urusi. Ni ndege au meli. Yote hayo nilijifundisha mwenyewe kwa simu, pamoja na Kirusi kidogo, ndiyo maana Mburu akaniita Prof. "Prof wa bando," alinicheka, maana kila bando la intaneti nililonunua liliishia kwenye ramani. Ni yeye peke yake aliyeniita hivyo. Tafadhali, likumbuke hilo.

Jambo lingine: mimi huteseka nikiulizwa kitu nisichokijua. Afadhali nibahatishe kuliko kusema sijui.

Jumapili moja asubuhi Mburu alinitumia ujumbe wa sauti. Alibakiza safari moja tu baharini, kisha arudi nyumbani kwetu Bahati, hapa Nakuru. "Prof, panda Menengai unipigie picha. Nataka kuonyesha hawa watu sisi pia tuko na volkano yetu." Mama alikuwa ameshamtengea jogoo wa kumkaribisha. Nikapanda.

Nilipofika ukingoni, ukungu ulikuwa umejaza shimo lote la volkano, mweupe, kama maziwa kwenye sufuria. Wauza soda hawakuwa wamefika. Nikasimama kungoja ukungu uondoke.

Ndipo nikasikia harufu ya bahari. Chumvi na samaki, lakini si samaki wa ziwa Naivasha. Bahari inatafuta nini Nakuru?

Kando yangu alisimama mtu aliyevaa ovaroli la mpira la rangi ya machungwa, maji yakimchuruzika. Alikuwa mzungu mwenye ndevu, sijawahi kumwona. Lakini Kiswahili chake, niamini, kilikuwa cha Bahati kabisa.

"Sasa, Prof."

"Poa." Ulimi ulijibu kabla yangu.

"Nimepotea, boss. Petropavlovsk ni wapi? Mburu ananingoja."

Utasema ungekimbia. Mimi sikukimbia. Na katikati ya hofu ile yote, unajua niliwaza nini? Kwamba nimeulizwa swali na sina jibu. Basi nikafanya tunachofanya sote huku kwetu tukiulizwa mahali tusipopajua. Nikanyoosha mdomo kuelekea shimoni.

"Ni hapo tu. Shuka na hiyo njia, huwezi potea."

"Hapo tu?"

"Hapo tu."

"Asante, boss. Kila mtu alikuwa ananiambia hakuna njia."

Akashuka, ukungu ukamfunika. Sikusikia hata kokoto moja ikiporomoka.

Simu ikalia. Alikuwa Mburu. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni, naye alikuwa akicheka.

"Prof, umenitumia mtu? Kuna msee hapa bandarini anaongea kama mathe, mama kabisa! Ati wewe ndio umemwelekeza."

"Mburu, usiende naye popote!"

"Anasema atanionyesha njia ya nyumbani. Kwa miguu, imagine! Ati ni hapo tu."

"Hakuna njia! Nilibahatisha! Sikujua, Mburu, sikujua!"

"Wewe? Prof hajui kitu?" Akacheka zaidi. "Wacha kwanza nione." Nikasikia viatu vikikanyaga theluji, kisha upepo, kisha sauti yake ikiwa mbali na simu: "Eh, huu ukungu..."

Nilipiga kelele mpaka koo likachubuka. Simu haikukatika. Niliendelea kusikia hatua tu, zikienda, mpaka chaji yangu ikaisha.

Wenzake wa melini walituambia alionekana akielekea mlimani, peke yake. Walimtafuta. Mimi nikatafuta huku, ndani ya Menengai, na vijana wa kijijini walioniona kichaa. Hatukupata hata kiatu.

Mama hajamchinja yule jogoo. Jogoo amezeeka, hata kuwika amechoka. Nami sijamwambia mama nilichosema kule juu.

Nikikuomba kitu, ni hiki: ukiulizwa njia usiyoijua, sema hujui. Usione aibu. Mimi hupanda Menengai kila Jumapili, na ukungu ukiwa mzito nasikia viatu vikipanda kutoka chini, vizito, lakini havifiki. Kisha sauti yake, imechoka, haicheki tena:

"Prof, bado ni mbali?"

Na mimi, siku hizi, humjibu ukweli. Sijui, Mburu. Sijui.