Uwanja wa Raga Uliogeuka Mtaa

Uwanja wetu wa raga ulikuwa nyuma ya shule niliyosoma hapa Garissa, kando ya njia iendayo mtoni. Kabla yetu palikuwa malisho ya ngamia. Mwalimu wa hisabati, aliyehamishwa kutoka Kakamega, ndiye aliyetuletea mchezo huo. Tulifyeka vichaka vya mathenge kwa panga, tukaokota miiba kwa mikono, na fundi wa kuchomelea akatutengenezea magoli kwa mabomba ya kisima kilichokufa. Wachezaji kumi na tano wanaotakiwa hatukuwapata kamwe, basi tukazoea kucheza kumi na watatu.

Ngamia hawakuambiwa kwamba pamebadilika. Mwenye ngamia, mama mmoja mjane, alikuja kumkabili mwalimu.

"Mwalimu, hapa ni malisho."

"Tunacheza jioni tu, mama."

"Haya, ngamia yangu itapita asubuhi. Na hiyo mpira yenu kama yai isiogopeshe wao."

Wakaafikiana hivyo, na mambo yakaenda. Nilimaliza shule, nikaajiriwa katika ofisi ya mifugo, lakini jioni nilirudi kucheza.

Kisha Tana ikafurika. Familia za wakulima wa kando ya mto zilipanda na magodoro vichwani, zikatua uwanjani kwa kuwa palikuwa juu na peupe. Siku hiyo tulikuwa na mechi na timu ya Wajir, nao walikuwa wameshafika. Mwalimu aliwatazama watoto waliolowa, akasema, "Leteni majembe na kamba."

Vijana wa Wajir waliinama pamoja nasi tukang'oa magoli. Mabomba yakawa nguzo za mahema, turubai zikafungwa juu yake. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Maji yalipopungua, mashamba mengi yalikuwa yameliwa na mto. Wengi wakabaki. Turubai zikawa mabati, mabati yakawa kuta za mawe. Sisi tulijaribu kucheza karibu na soko la mifugo, mbuzi na vumbi vikatushinda. Mwalimu alipopata uhamisho, timu ikasambaratika.

Miaka kadhaa baadaye nilioa binti wa mojawapo ya familia zile, nikajenga pale pale uwanjani. Jiko letu liko karibu na ulipopita mstari wa kati. Nilipomwonyesha mke wangu mahali hapo, alichungulia nje ya dirisha, akageukia sufuria yake.

"Sisi tuliona mahali pakavu tu," alisema. "Alhamdulillahi."