Goli Nililoshangilia Makaburini

Wasomaji, mnisamehe mwandiko huu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito.

Mimi na rafiki yangu Osmundi tulikuwa na redio moja hapa Ngumbo, tukipokezana kisikilizio cha sikioni. Yeye alipenda muziki wa roki, ingawa ya mwaka huu alisema imeharibiwa na vinanda, magitaa hayalii tena. Kwenye mpira tulikuwa mahasimu. Tuliahidiana kwamba asiyesikia mechi ataletewa matokeo na mwenzake, bila kudanganywa.

Malaria ilimchukua wiki iliyopita. Tulimzika Jumapili, saa ileile timu zetu zilipokutana. Asubuhi nilianika betri juani zipate nguvu, kisha nikaificha redio ndani ya koti na kuinua ukosi ufunike waya wa kisikilizio. Nilitaka tu nimnong'oneze matokeo nitakapotupia udongo.

Mama yake alikuwa ameinama, udongo mkononi, mtangazaji alipopiga kelele sikioni mwangu. Nikaruka.

"Goli!"

Katekista aliyekuwa akiongoza maziko akakatiza sala. Mjomba wake Osmundi akanikamata koti. "We kijana, umelewa?" Waya ukachomoka, na redio ikaanza kushangilia mbele ya waombolezaji wote.

"Mwacheni," mama yake akasema. "Waliahidiana hawa." Akanitazama. "Timu yake, au yako?"

Nilitamani sana kudanganya.

"Yangu, mama."

Akauachia udongo uangukie kaburini. Tangu siku hiyo naona haya kupita kwao. Niandikieni, ndugu zangu: nikienda, nimwambie nini?