Umeme wa Kusugua Katika Hewa ya Tanga

Mimi shule niliishia darasa la nne, na fizikia sikuisoma. Nasema mapema asije mtu akadhani nilikwenda kwenye semina ya walimu kutoa elimu. Nilikwenda kushika mtoto. Mjukuu wangu wa kike ni mwalimu wa fizikia huko Maramba, na wakati huo alikuwa ananyonyesha. Kitoto chenyewe hakitaki chupa, hakitaki kikombe, hakitaki kubembelezwa. Alipokwenda mama yake nacho kilikwenda, na lazima awepo mtu wa kukishika. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Walimu wa fizikia wa upande wetu wana kawaida ya kukusanyika mjini wakati wa likizo, katika shule moja ya sekondari upande wa Mabawa. Usidhani ni mkutano wa kukaa, kupiga makofi na kunywa soda. Kila mwalimu anakuja na kifaa alichokitengeneza mwenyewe kwa vitu vya nyumbani, maana shule nyingi maabara ni chumba chenye meza na kufuli, basi. Anasimama mbele, anafundisha, na walimu wenzake wanageuka wanafunzi. Na wanageuka kweli. Wanasinzia, wanachokozana, wanauliza maswali ya utundu, wanaomba ruhusa ya kwenda msalani. Anayefundisha haruhusiwi kukasirika, ndiyo desturi yao. Siku ya kwanza nilipoona wanaume wenye mvi wanarushiana vipande vya chaki, nilitaka kuvua kandambili niwaonyeshe adabu.

Mwaka uliotangulia mjukuu wangu alisimama kufundisha umeme tuli. Mimi nauita umeme wa kusugua. Unachukua kipande cha bomba la plastiki, hili la maji, unalisugua kwa kitambaa cha sufu, kisha unalisogeza kwenye vipande vya karatasi, na karatasi zinaruka zenyewe kulishika. Ualimu alisomea Dodoma, na kule hewa ni kavu, mtu akivua sweta linatatarika. Akaja Tanga na uhakika wake wa Dodoma, masika yenyewe hiyo, hewa imelowa hata chumvi kwenye kopo inakuwa uji. Akasugua. Karatasi zikalala. Akasugua tena mpaka ushungi ukalowa jasho. Karatasi kimya.

Sasa kuna mwalimu mmoja mrefu wa Muheza, huyo ndiye mkorofi wa darasa kila mwaka. Akanyoosha kidole, sauti ya kitoto: "Mwalimu, samahani, umeme wako nao una mgao?"

Ukumbi mzima ukacheka. Naye alicheka, maana desturi ni desturi. Lakini mimi ndiye niliyempokea mlangoni kwangu jioni ile, na aliyeingia ndani hakuwa anacheka.

"Bibi," akaniambia, "si yule wa Muheza. Yule ni mtani tu. Wanafunzi wangu ndio wanaonichoma. Nawaambia andikeni, karatasi itavutwa. Haivutwi! Wanaandika, wananitazama, naona hawaniamini. Waliowatangulia darasani hawakuona, wao hawajaona, nami siwezi kuwaonyesha. Mwakani nitaomba somo lilelile. Nikishindwa tena, fizikia naiacha. Nabaki na hesabu."

"Ukimaliza kulia sahani iko juu ya meza," nikamwambia. Lakini usingizi ulinipaa. Huyu mtoto tangu mdogo alikuwa anafungua redio zangu aone nani anasema ndani. Kumwona anaiacha fizikia ni kama kumwona anauza jicho.

Mtoto akazaliwa, mama yake akaja naye kwangu kukaa arubaini, na hapo ndipo jambo lilipogeuka. Sisi watu wa pwani nguo ya kutokea tunaifukiza. Chetezo kinawekwa chini na makaa na udi, juu yake linafunikwa tenga, nguo zinatandazwa juu ya tenga zipate moshi. Siku moja nafukiza kanga zangu za harusi ya jirani, mjukuu kakaa pembeni ananyonyesha. Nikamtupia kanga moja amfunike mtoto. Akaishika. Akaifikicha karibu na sikio.

"Bibi, hii imekauka."

"Ulitaka niifukize ilowe?"

"Hapana, Bibi, imekauka kavu! Imekauka kama nguo ya Dodoma!"

Akanisukumia mtoto mikononi, akaenda uani mbio, akarudi na kipande cha bomba na kitambaa chake cha sufu, akavilaza juu ya tenga langu. Nikamwambia ukiniunguzia tenga utanisukia jipya. Hakunisikia. Vilipopata moto akavisugua mbele ya vipande vya gazeti. Hakuna kitu. Akalipapasa bomba kwa kidole, kidole kikanata.

"Udi," akasema. "Moshi wa udi una mafuta, umelipaka bomba." Akalisafisha kwa sabuni, akalisuuza, akamwaga udi wangu wa bei, akaacha makaa matupu. Safari hii alipolisogeza, vipande vya gazeti viliruka kama kumbikumbi, kimoja kikamtua mtoto puani. Mtoto akapiga chafya. Mama yake akakaa chini, akacheka na kulia pamoja.

Lakini jikoni kwangu si ukumbini kwa walimu, na sote wawili tulilijua hilo.

Siku ya semina mvua ilikuwa inashuka kama inamwagwa kwa ndoo. Kuta za ukumbi zinatoka jasho. Zamu yake ilikuwa baada ya chai. Tukaweka chetezo na tenga kwenye baraza ya nyuma, makaa matupu, bomba na kitambaa juu. Mpango ni kwamba atatoka mwenyewe kuvichukua vikiwa vya moto na kuingia navyo moja kwa moja, maana vikipoa hewa ya Tanga inavirudia. Kazi yangu kuangalia makaa na kumshika mtoto.

Mtoto akachafua nguo. Nikaenda bombani. Niliporudi, mama mpishi wa semina, mtu mwema, mnene, wa makamo, amechuchumaa mbele ya chetezo changu, na moshi umejaa baraza nzima, mzuri, unanukia hata mtaa wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Nimekuta chetezo kitupu, bibi, nikaona haya. Wageni wote hawa na chetezo hakina kitu! Nimetia udi wangu mwenyewe, ule wa Pemba. Msijali, sidai."

Mkosi huo usingetokea penginepo. Mtu wa bara angeyaona makaa yale, angepita zake. Wa kwetu hawezi kupita chetezo kitupu.

"Mwanangu," nikamwambia, "umefanya wema, na wema wako umeniua. Kaa mbali na hilo tenga."

Mjukuu akatoka kwa furaha kuchukua vifaa vyake. Alinusa kabla hajaona. Akalishika bomba, kidole kikanata. Kitambaa nacho kimeshika moshi, huwezi kukifua na kukikausha saa ileile. Ndani mwenyekiti alishaanza kuliita jina lake.

"Basi, Bibi," akasema, kwa upole. "Ndiyo basi."

"Basi ya nini? Bomba linaoshwa?"

"Linaoshwa. Kitambaa je?"

Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwa mtoto. Mvua ile ilikuwa na baridi yake, nami nilimvika kofia ya sufu. Akaichomoa kichwani kwa mtoto, mtoto akapiga ukelele kama kachanjwa. "Sufu ni sufu," mama yake akasema. Akakimbia bombani kuiosha plastiki yake. Mama mpishi, maskini, machozi yanamlengalenga, akamwaga makaa yenye udi na kuleta mengine safi kutoka jikoni kwake, akapiga magoti akapepea kwa mfuniko wa sufuria bila kuinua kichwa.

Ndani wakaita tena. Nikaingia mimi, na mtoto analia begani.

"Walimu, mtasubiri," nikasema. "Kitu kinakauka."

"Bibi, nasi tuna ratiba," akasema mwenyekiti, kwa adabu.

"Ratiba haitachacha. Kaeni."

Wakakaa. Yule mrefu wa Muheza akanyoosha kidole, kiti kikalia. "Mwalimu mpya, naomba kwenda msalani."

"Hukwenda wakati wa chai? Jibane."

Walicheka hadi wakapiga madawati. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza mlango wa nyuma.

Akaingia. Bomba limeviringishwa ndani ya kanga, la moto, kofia ya mtoto mkononi. Hakusalimia mtu. Juu ya meza alikuwa na kopo tupu la soda amelilaza ubavu. Akasugua bomba kwa kofia, haraka haraka, akalisogeza karibu na kopo bila kuligusa.

Kopo likatikisika. Kisha likabingirika. Yeye anarudisha bomba nyuma, kopo linamfuata, juu ya meza, kama kifaranga kinachomfuata mama yake.

Mvua tu juu ya mabati.

"Mwalimu, ni upepo!" Ni yeye, wa Muheza.

"Upepo unatoka wapi?"

"Dirishani!"

Akalihamishia bomba upande wa pili. Kopo likasimama, likafikiri, likageuka likarudi lilikotoka. "Upepo wako umegeuka, mwanafunzi?"

"Basi mwalimu umeficha sumaku!"

"Nani ana sumaku? Lete." Mtu akatoa sumaku ya spika mfukoni, maana hawa mifukoni hawakosi vitu. Akaisogeza kwenye kopo. Kopo halikujitikisa. "Kopo hili ni alumini, sumaku hailivuti. Swali jingine?"

Hakulingoja. Alikwishawapeleka kwenye maji. Akafungua bomba la sinki kidogo, maji yakashuka membamba kama uzi, akasogeza plastiki yake, na uzi ule wa maji ukapinda. Niliyaona kwa macho yangu haya yaliyovaa miwani ya kuazima: maji yamepinda, hakuna aliyeyagusa. Mwalimu mmoja mtu mzima, anayefundisha upande wa Mkwaja, pwani kabisa karibu na mbuga, akasimama mahali pake, akasahau kwamba yeye ni mwanafunzi.

"Mimi hii nimeifundisha kwa mdomo tangu nianze kazi," akasema. "Kwa mdomo! Sijawahi kuiona kwetu."

"Ndiyo maana nimeomba somo hili tena," mjukuu wangu akamjibu. "Mwaka jana mlinicheka na mlikuwa na haki. Nilidhani nimekosea kusugua. Hewa yetu imelowa, na chaji inatoroka kwa unyevu kabla hujaiona. Vitabu vimeandikwa na watu wa nchi kavu. Pasha bomba moto, kausha, fanya upesi, usilitie udi." Hapo akakohoa. "Hilo la udi nawaeleza kwa uchungu maalumu."

Kilichofuata hakikuwa semina tena, kilikuwa harusi. Walitoka wote kwenye baraza, kila mmoja anataka bomba lake lipate moto juu ya tenga langu. Wengine kalamu, wengine rula, mmoja kavua soksi. Mama mpishi akapewa kazi ya makaa na akaifanya kama askari. Aliyekaribia na kitu chenye harufu alifukuzwa. Mwalimu wa Mkwaja alilikimbiza kopo mpaka likaanguka mezani, akalifuata chini, magoti sakafuni, suruali nzuri iliyonyooshwa kwa pasi.

Yule mrefu alisugua bomba lake baridi kwanza, kwa ukaidi. Hakuna kitu. Mjukuu wangu akamtazama tu, hakumcheka. Kwa hilo nilimpenda kuliko kwa kopo. Akalichukua bomba lake, akalilaza kwenye tenga, akamwambia, "Subiri, mwanafunzi. Zamu yako inakuja." Naye akasubiri, mikono nyuma, kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Mchana mwenyekiti akamwomba arudie kwa kundi la pili, walimu wengine waliokuwa darasa jingine. Alimnyonyesha mtoto amesimama, akanirudishia, akaenda. Kofia ilibaki huko huko. Mtoto alirudi nyumbani kichwa wazi, nikamfunga leso.

Jioni mvua ilipopungua tulikuwa langoni, mimi na tenga, yeye na mtoto. Yule wa Muheza akaja na mwavuli wake, akatufunika sote, yeye akabaki analowa.

"Mwalimu," akasema, safari hii kwa sauti yake ya kiume, "nasikia ulikuwa unataka kuacha fizikia ubaki na hesabu."

"Nani kakwambia?"

Akanitazama mimi. Mimi nikatazama barabara. Wakati wa chai mtu anazungumza mengi.

Mjukuu wangu akamweka mtoto vizuri begani, akavuta mtandio. "Hesabu atatafutwa mtu," akasema. "Fizikia ya Maramba ina mwenyewe."