Sufuria ya Bibi Fuki Ikilia, Gazeti Linapanda

Saa kumi na robo alfajiri, Sumie Hatakeyama anaifunga redio yake ndogo kwenye usukani wa pikipiki kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Anaiwasha, kisha anaongeza sauti mpaka mtangazaji wa hali ya hewa anaanza kukwaruza. Kapu la mbele limejaa magazeti mia moja na kumi na mawili. Kiunoni ananing'iniza kengele ya shaba, na ubavuni, mahali ambapo mkono unafika bila kupapasa, amechomeka kopo la dawa ya pilipili.

"Zamani nilikuwa napita kama paka," anasema huku akikaza mkanda wa kofia yake. "Siku hizi napita kama harusi."

Ana miaka hamsini na nane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia kupeleka magazeti katika bonde hili la milima ya Iwate. Kazi inampa yeni elfu sabini na nane kwa mwezi, na mchana anaosha vyombo katika jiko la shule ili mwezi ufike mwisho. Kovu lake linaanzia nyuma ya sikio la kushoto na kuishia kwenye taya. Halifichi. Watoto wa shule wakimuuliza, huwaambia alipigwa busu na dubu, nao hucheka mpaka wali unawapalia.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Oktoba, mialoni ya mlimani haikuzaa. Dubu weusi wakateremka kutafuta chakula kwa watu. Wakati huo kazi ya Sumie ilikuwa na adabu yake: ukikaribia nyumba unazima redio, unazima na injini, unaikokota pikipiki kwa miguu, maana watu wamelala. Adabu hiyo nusura imuue.

Alikuwa amefika kitongoji cha Tochisawa, nyumba saba juu ya daraja, ambako kijana wao ana miaka sabini na minne. Nyumba ya kwanza ni ya Bibi Fuki Oikawa, mjane wa miaka themanini na saba. Langoni kwake umesimama mkaki, mti wenye matunda ya rangi ya chungwa na umbo la nyanya, ambao marehemu mumewe aliupanda mwaka binti yao alipozaliwa. Tangu avunjike nyonga, Bibi Fuki hakuweza tena kupanda ngazi, na matunda yakabaki mtini yakiiva mpaka kunata.

"Nilitia gazeti sandukuni, nikasikia kitu kinatafuna," Sumie anakumbuka. "Nikajiambia, leo Bibi kaamka mapema. Mara tunda likaanguka, na nyuma yake akashuka mwenyewe, mweusi, haraka kuliko nilivyodhani mnyama mnene anaweza. Hakuwa na ugomvi na mimi. Nilikuwa nimemzibia njia tu."

Hakukimbia, kwa kuwa dubu humshinda mtu yeyote mbio. Alilala kifudifudi, mikono akaifumbata nyuma ya shingo, begi likabaki mgongoni. Walifundishwa hivyo na mwalimu wa kujikinga na dubu, ukumbini, majira ya kuchipua. "Tulicheka sana siku ile, wazee tumelazwa sakafuni kama samaki wa kuanikwa. Namshukuru yule mwalimu mpaka leo." Kofia ilipokea kucha nyingi, shavu likapokea zilizobaki. Dubu akatoweka kichakani. Sumie akajikokota hadi darajani, na hapo ndipo dereva wa lori la maziwa alipomkuta.

Alishonwa nyuzi arobaini na moja. Alipoulizwa aliumizwa wapi, alijibu neno moja: darajani.

"Ningesema ukweli, wangekwenda kwa Bibi na msumeno kuukata mti kabla ya mchana," anasema. "Naye angekufa kwa aibu kabla ya jioni."

Lakini uongo wa huruma nao ni uongo. Mtego wa chuma wenye asali uliwekwa darajani ukakaa siku kumi na moja, ukanasa mbweha mmoja mwenye njaa. Siku zote hizo dubu aliendelea kula langoni kwa Bibi Fuki, hatua kumi kutoka kwenye godoro lake. Sumie alilijua hilo kitandani hospitalini, na anakiri kuwa lilimuuma kuliko shavu.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kumi na mbili Bibi Fuki alishuka kwa mabasi mawili na mkongojo, akaingia wodini, akalitandika gazeti juu ya blanketi.

"Hili nililikuta sandukuni mwangu asubuhi ile," alisema. "Wenzangu wa juu hawakupata kitu. Kama dubu alikukamata darajani kabla hujafika kwangu, gazeti hili lilipanda kilima kwa miguu yake?"

"Bibi..."

"Usinibibi. Sema."

Sumie alilia, kisha akasema.

"Mpumbavu we," Bibi Fuki akamwambia. "Mti ukikatwa unachipua. Uso wako utachipua?"

Wakati huo Bwana Sugawara, wakala wa magazeti aliyemwajiri Sumie, alikuwa ameshaamua: Tochisawa haitapelekewa gazeti tena alfajiri, litakwenda kwa posta na kufika alasiri. Uamuzi wa busara, na kwa mtu wa mjini ni jambo dogo. Huko juu si dogo. Februari iliyotangulia, Sumie alikuta gazeti la jana na la juzi bado yamo sandukuni, akavunja kioo cha mlango, akamkuta Bibi Fuki sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, midomo ya buluu. Posta huacha barua na kwenda zake.

"Huyu ndiye anayejua kama tumeamka," Bibi Fuki alimwambia wakala, akiwa amemfuata hadi ofisini. "Ukimkata yeye, utajua kwa harufu kwamba tumekufa."

"Mama, mimi siwezi kumrudisha mtu kwenye mdomo wa dubu," wakala akajibu.

"Basi dubu tutamwondoa sisi."

Wazee wa nyumba saba walikutana. Walikubaliana takataka zisilale nje na tunda lisibaki mtini. La tatu ndilo lililomfanya Bwana Sugawara avue miwani na kuifuta: kila alfajiri saa kumi na nusu, kila nyumba itapiga sufuria. Kelele zitamfukuza dubu, na Sumie akisimama darajani atahesabu saba. Zikiwa sita, atajua kuna mlango wa kugonga. Wakala aliwapa muda wa majaribio mpaka theluji ya kwanza. Theluji ya kwanza imeanguka mara mbili tangu hapo, na hakuna aliyeuliza tena.

Bibi Fuki alikuwa ameshaita watu wa kukata mkaki. Sumie, na nyuzi bado shavuni, ndiye aliyewazuia, akaja na ngazi badala yake. Majirani walileta mianzi mirefu, wakachuma matunda mia nne kwa siku moja, wakamenya wakiimba na kusutana nani kisu chake kizito.

Likabaki moja kileleni. Tangu enzi za mababu, tunda la mwisho huachwa kwa ajili ya mlinzi wa mti, ili mwakani uzae tena. Hakuna aliyelinyooshea mwanzi. Wote walimtazama mwenye mti.

"Litoeni," alisema Bibi Fuki, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata Sumie alipofungua sanduku la gazeti, alilikuta tunda hilo limefungwa kwenye kitambaa safi. Bibi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake.

"Miaka sitini namwachia mlinzi wa mti, sijamwona hata siku moja," alisema. "Wewe nakuona kila siku. Kula."

Leo darajani Sumie anazima redio na kuinua kidole. Moja, mbili, tatu. Sauti zinateremka bondeni, nyingine kali, nyingine imechoka. Sita. Anasubiri, na kovu lake linasogea taya inapokaza. Kisha inakuja ya saba, hafifu, mapigo mawili tu.

"Bibi mikono inamwishia nguvu," anasema kwa upole.

Karibu na Bibi Fuki kuna nyumba tupu, na Sumie amekwisha kuiulizia. Anapanga kuhamia huko mwakani, wakishachuma matunda. Gazeti atalibeba mpaka magoti yakatae, kisha atalikabidhi kwa mwingine.

"Naye atahitaji mtu wa kumpigia sufuria," anasema. Anawasha redio, anaongeza sauti mpaka mwisho, na kupanda.