Mkono Uliozoea Mashine

Mkono ulikuwa umeshaingia. Hapo ndipo watu hawanielewi nikiwasimulia. Mimi sikuuingiza. Nilikuwa nimegeuza uso kumjibu jirani yangu wa mashine ya pili, aliyekuwa akinicheka kuhusu viatu vyangu, na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe mahali ulipozoea kwenda, ndani ya kinywa cha mashine, kuchukua beseni. Beseni lilikuwa la rangi ya waridi. Halafu kinywa kikafunga kabla ya wakati wake.

Sikupiga kelele. Aliyepiga kelele ni yule jirani. Mimi nilikuwa natazama mahali mkono wangu ulipoishia, pale kwenye kifundo, nikijiuliza nani amefunga. Nilisikia joto tu. Uchungu ulikuja baadaye, na mpaka leo haujaisha wote. Msimamizi wetu wa zamu alifika mbio, na kitu cha kwanza alichofanya, kabla hajanigusa, ni kukata kipande cha tyubu kilichokuwa kimefunga swichi ya mlango wa mashine, akakitia mfukoni. Nilimwona. Mkono ulikuwa umenaswa lakini macho yalikuwa yangu. Ndipo akapaza sauti, "Zima! Zima hiyo mashine!" kama mtu aliyeingia kiwandani siku hiyo.

Hospitalini waliniondolea kilichobaki kutoka kifundo kwenda mbele. Nilikuwa bado kijana.

Sasa nirudi nyuma, ili mjue nilifikaje hapo.

Ilikuwa ni ile miaka ya tisini, tukikaa mtaa wa Huruma, mimi na mama watoto na watoto wawili, chumba kimoja ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia kamba za nguo za jirani. Kila asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka Industrial Area, kwenye kiwanda cha mabeseni na ndoo. Nilikuwa kibarua. Kibarua maana yake unasimama nje ya geti na wengine, na msimamizi anatoka na kikombe chake cha chai, anachagua kwa kidevu. Hasemi jina lako. Anainua kidevu, wewe unaingia. Akikupita, unarudi Huruma na tumbo lako. Miaka yote ile nilikwepa chai ya asubuhi, kwa sababu nikinywa nilikuwa natapika karibu na geti. Hofu ilikuwa imekaa pale chini ya mbavu kama mpangaji asiyehama. Usiku nilikuwa naota kidevu.

Ukichaguliwa kila siku kwa muda mrefu, kulikuwa na maneno kwamba utaandikwa kazi ya kudumu. Hakuna mtu niliyemwona akiandikwa. Lakini nililishikilia lile neno kama mtu anayevuka mto ameshika jani.

Mashine yenyewe nitaieleza, kwa sababu kila kitu kiko hapo. Ilikuwa na mlango wa chuma upande wa mbele. Ukifungua mlango, swichi inakata, kinywa hakiwezi kufunga, unachukua beseni lako polepole, unarudisha mlango, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. Msimamizi akaona tunachelewa. Akaja na vipande vya tyubu ya baiskeli, akafunga kila swichi mwenyewe, mashine ikadanganyika kwamba mlango umefungwa saa zote. Sasa mlango ukakaa wazi na kazi ikawa ya masikio: hewa inapiga "tssss", kinywa kinafunguka, mkono ndani, beseni nje, kinywa kinafunga. Tssss, ndani, nje.

Baada ya muda huhitaji kutazama. Sisi tukaona huo ni ufundi. Kulikuwa na wale waliokula mandazi kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukitoa mabeseni, na walisifiwa. Ukiutazama mkono wako sana unaitwa mgeni.

"Wee, unachunga mkono kama mbuzi?" wangekuuliza. "Uachilie, unajua nyumbani!"

Aliyekataa jambo hilo alikuwa mtu mmoja tu, fundi aliyetumwa na watu waliouza zile mashine, mzee mwembamba mwenye ovaroli iliyofuliwa ikang'aa. Tulimwita Mchina. Yeye mwenyewe alisema anatoka kisiwani, si China, lakini nani alisikiliza. Kiswahili chake alikiokota palepale kwenye sakafu ya kiwanda. Alipoona zile tyubu alizikata zote, na kwa muda aliokuwa nasi msimamizi hakuthubutu kuzirudisha.

Wakati wa chakula alikaa uani juu ya kreti, macho yamefumbwa nusu, mikono juu ya magoti. Vijana walimcheka: "Mchina ameenda kwao bila ndege." Mimi nilikaa karibu naye kwa sababu pale palikuwa na kivuli, si kwa sababu nyingine.

Siku moja akaniambia, "Wewe iko hapa. Mkono iko kazi. Nani angalia mkono?"

Nikacheka. "Mkono unajiangalia, mzee."

Hakucheka. "Mkono iko lala," akasema.

Akanipa spana na kunionyesha nati iliyoshika kutu. "Shika sana. Kasirika. Fungua." Nilikaza mpaka mishipa ikatoka, spana ikateleza, nikajichubua vidole. Akaichukua, akaishika kama mtu anayeshika kijiko, akatoa pumzi, akasukuma kidogo, akangoja, akasukuma tena. Nati ikazunguka. "Wewe ogopa nati," akaniambia. "Ogopa, basi kaza. Kaza, basi haona."

Aliniambia kwao hiyo inaitwa Tao. Nikamuuliza kama ni kanisa. Akasema hapana, njia tu. Pumzi itoke kwanza, ndipo mkono uende. Hofu ikija usiifukuze na usiikumbatie, iangalie imekaa wapi. Kitu ambacho mkono unafanya wenyewe, ukiamshe kwa kukitazama, basi. Ndiyo yote aliyowahi kunifundisha, kwa maneno yasiyojaza mkono, na mimi nilienda nayo nyumbani nikamsimulia mama watoto.

"Usije ukaniletea mashetani ya Kichina humu ndani," akasema, akisonga ugali. "Sisi ni watu wa kanisa."

"Ni kupumua tu, mama."

"Kupumua unafundishwa? Ulikuwa unafanya nini miaka hii yote?"

Lakini kazini nilijaribu. Tssss, pumzi nje, kisha mkono. Nilikuwa nachelewa kidogo kuliko wengine, kidogo sana. Msimamizi akaliona. Akaja akasimama nyuma yangu na kikombe chake. "Hapa si hospitali ya kupumua," akasema. "Kuna watu nje ya geti hawapumui na wanataka hii nafasi." Nilisikia kidevu chake nyuma ya shingo yangu. Nikaacha.

Mchina akamaliza kazi yake akaenda. Wiki hiyohiyo tyubu zikarudi kwenye swichi. Mkaguzi wa serikali alikuja mara moja, amevaa tai. Alipita ofisini, hakufika kwenye mashine, akaondoka na ndoo mpya mbili, moja ndani ya nyingine. Sisi tulimwona kwa dirisha. Mwenye kiwanda ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye gari.

Siku yenyewe kulikuwa na oda kubwa. Tukiwa kwenye mapumziko ya chai, msimamizi alizungusha kifaa cha kupangia mwendo, akaongeza kasi ya mashine zote. Hakutuambia. Jirani yangu ndiye aliyenieleza baadaye, kwa sababu alirudi mapema akamkuta. Mimi nilirudi nikashika kazi na mkono ulikuwa na wimbo wa zamani. Mashine ilikuwa na wimbo mpya. Mengine nimeshasema.

Nilipotoka hospitalini nilienda getini kuuliza. Msimamizi alitoka na kikombe. "Wewe ulikuwa kibarua wa siku," akaniambia. "Siku yako iliisha." Akainua kidevu kwa mtu aliyesimama nyuma yangu.

Ungefikiri ningekaa nyumbani. Sikukaa. Kila asubuhi miguu iliamka kabla yangu, ikavaa viatu, ikashuka ngazi. Mama watoto alikuwa anauliza kutoka kitandani, "Unaenda wapi, baba?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

Nilishuka ngazi, nikaenda. Nilisimama na vibarua wengine, mkono uliokatwa ndani ya mfuko wa koti, nikingoja kidevu. Wengine walinionea huruma. Wengine hawakuwa na huruma ya kupoteza.

"Buda, umerudi kuutoa ule mkono mwingine?"

"Mpeni beseni abebe kichwani aende."

Nilicheka nao. Nilikuwa naogopa kwamba nisipocheka watanifukuza, sijui wanifukuze kutoka wapi, pale ni barabarani.

Na ile sauti ilinifuata kila mahali. Basi likifunga breki za hewa, tssss, kigutu kinaruka kifuani. Mtu akifungua soda karibu nami, hivyohivyo. Watoto wangu walijifunza kutoka nje ya mlango kufungua soda, hata ya Krismasi, na siku nilipowaona wawili wamesimama kwenye ngazi wamegeuza migongo, wanafungua chupa kwa siri ili baba asiruke, niliingia ndani nikakaa kwenye kitanda na sikutaka mtu aniguse.

Asubuhi iliyofuata, pale kwenye mzunguko wa City Stadium, nikiwa nimezungukwa na watu wanaokimbilia Industrial Area, yale maneno yalinijia: nani angalia mkono? Nikatazama chini. Miguu ilikuwa inaenda. Mimi sikuwa nimeiambia. Ilikuwa imelala inatembea, vilevile kama mkono ulivyolala ukaingia kwenye chuma.

Nikasimama. Mwanamke aliyebeba mzigo akanigonga, akanitukana. Nikatoa pumzi. Moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha mlango. Nikajiuliza ninaogopa nini sasa, kwa sababu kazi haipo, kidevu hakinihusu tena. Na jibu lilikuwa pale chini ya mbavu: naogopa nisipoenda, itakuwa kweli. Nikienda kila siku, bado ni mtu anayesubiri kuandikwa. Nilikuwa nimeshikilia kitu ambacho kilishaniachilia zamani.

Siku hiyo nilienda tu. Sitadanganya. Kesho yake pia. Lakini nilikuwa nimeanza kusimama njiani, kupumua, kutazama miguu, na kila niliposimama nilikuwa naiamsha kidogo. Baadaye nikawa nikifika Juja Road nageuka, narudi nyumbani. Baadaye nikawa nafika chini ya ngazi tu, nashika ukuta, jasho linatoka asubuhi ya baridi, narudi juu. Hadi ikafika asubuhi nikaamka, nikakaa kwenye kitanda nimevaa viatu, na sikutoka. Niliiacha saa ya geti ipite juu yangu. Mwili mzima ulitaka kukimbia. Hofu ikaja, nikaiangalia: ni joto hapa, ni mbano hapa, kwapani kuna baridi. Sikuifukuza. Mama watoto alikuwa anakaanga mandazi ya kuuza, mafuta yalipolia tssss kigutu kikaruka, nikakitazama kikiruka, kikatulia chenyewe. Akanipa chai. Niliinywa yote na haikutoka.

Hofu haijaniacha. Inakuja bado, ila sasa inanikuta nikiwa macho. Soda sasa watoto wanafungulia mezani.

Kuna watu wanaoniambia, hasa wa kanisani, na hata kijana mmoja aliyesoma vitabu vya mambo hayo ya Tao, kwamba kwa kuwa nimejifunza kuachilia, basi niachilie na hili la kudai majibu. Nimewasikia. Geti nimeachilia. Kazi ya kudumu nimeachilia. Mkono wenyewe nimeuachilia, ulizikwa sijui wapi na hospitali. Lakini kunyamaza ndiyo tabia ya zamani kuliko zote, ndiyo niliyofundishwa kwa kidevu kila asubuhi, na sasa ninaivunja kama nilivyovunja nyingine, kwa kuitazama.

Basi wewe mkaguzi, sasa umestaafu na unapumzika, utuambie ni nini ulichokagua siku ile kutoka ofisini. Na wewe mwenye kiwanda, uliyehitaji oda imalizike, utuambie ulimwagiza msimamizi wako nini.

Na wewe msimamizi. Nilikuona mtaa wa Ziwani mwezi uliopita, umekaa nje ya duka lako, ukaniita, "Mambo, mzee!" ukitazama kila kitu isipokuwa koti langu upande wa kushoto. Sikukujibu. Nilikuwa natoa pumzi. Nakuuliza sasa, mbele ya wote wanaosoma: ulipoongeza mwendo wa mashine sisi tukiwa kwenye chai, kwa nini hukutuambia? Neno moja tu lingetosha. Ulikuwa na mdomo na ulikuwa na wakati. Sitaki pole yako, na sitaki unisalimie. Nitakuja hapo dukani, mchana, watu wakiwepo, nitasimama mbele yako, na wewe utanijibu.