Kidole cha Mke Wangu

Tumbaku ndiyo iliyonikosanisha na serikali. Wakala wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole alifika kwetu Usoke tukiwa katikati ya kuchuma majani, na utomvu wa tumbaku ukishashika vidole hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Nilibonyeza kile kimashine mara nne, kikanikataa mara nne. Mke wangu, aliyenisindikiza tu, akatoa kitambulisho chake, akaweka kidole, kikakubali papo hapo. Laini ikawa yangu mfukoni, yake serikalini, na sote wawili tukasahau.

Miaka ikapita, nikaanza kubeti kwa simu, kwa laini ile ile. Mwanzoni mechi moja moja, baadaye mikeka, tiketi ndefu zenye mechi nyingi za timu za nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani. Mke wangu alipogundua tuligombana wiki nzima, nikamwapia kwamba nimeacha. Na kweli niliacha, siku tisa.

Kisha Jumapili moja mkeka wangu wa mechi kumi na moja ukatiki wote, hakuna timu iliyoniangusha. Nilipiga vigelegele peke yangu ndani ya bani la kukaushia tumbaku, mwanaume mzima. Ujumbe wa kampuni ya kubeti ukaingia: ushindi mkubwa namna hii hautumwi kwenye simu, mshindi afike ofisini Tabora na kitambulisho. Nikaaga nyumbani kwamba nafuata mbolea, nikapanda basi.

Binti wa kaunta alinipa shikamoo nzuri, akatazama kompyuta, akatazama kitambulisho changu, akanitazama mimi.

"Mzee, mchezaji wetu ni mama," akasema. "Sheria inataka alipwe yeye mwenyewe."

Nilimbembeleza, nikamtania, nikamsimulia habari ya utomvu. Alicheka mpaka akafuta machozi, lakini hakulegea. Nilirudi Usoke bila mbolea, na njia nzima nilikuwa na hofu. Pesa ningeweza kuisamehe. Sikujua kama yeye angenisamehe kiapo.

Nilimweleza yote akiwa anapepeta mchele. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Kesho yake akavaa kitenge chake kipya, tukapanda basi la Tabora.

Pale kaunta alilipwa, kodi ikiwa imeshakatwa, akafunga pochi yake. Badala ya kuondoka, akamuuliza yule binti kama mchezaji anaweza kuomba afungiwe asicheze tena. Binti akajibu kwamba utaratibu huo upo: miezi sita, mwaka, au moja kwa moja. Mke wangu akanigeukia.

"Kidole ni changu, ila mdomo uwe wako," akasema. "Haya, sema."

Kwenye televisheni ya ukutani timu zilikuwa zinaingia uwanjani, na mkono wangu ulishakwenda mfukoni kutafuta simu. Nikautoa.

"Moja kwa moja," nikasema. Akaweka kidole.

Siku hizi Jumamosi tunasikiliza mpira redioni pamoja. Kila mmoja anabashiri, na anayekosea anasonga ugali. Mke wangu hajui hata ofsaidi ni nini, anachagua timu kwa jinsi jina linavyomkalia mdomoni. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo nasonga mimi, na nimekubali yaishe: serikali haikukosea, mchezaji wa nyumba hii ni yeye.