Neno Lililokwama Kwenye Ki

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, na laiti kukumbuka kungekuwa hiari, ningeiacha hukohuko kwenye soko la Kabati.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa fundi kijana katika gereji ya Bwana Swaleh, mzee ambaye babu yake alitoka pwani akahamia Kitui. Kila Ijumaa alikwenda mjini kuswali, akaniachia gereji. Siku hizo nilijiona mkubwa kweli. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

Mchana akaja Mzee Kilonzo na pikapu yake kuukuu. Alikuwa mkulima, mtu mpole, na alikuwa na kigugumizi kizito, kile cha kumfanya mtu afumbe macho akilitafuta neno. Akanieleza polepole kwamba gari inakohoa. Ikitoka nyumbani ni nzima, lakini baada ya nusu saa hivi, akikanyaga mafuta mlimani inasitasita, inalegea, inazima. Akanieleza pia sababu ya wasiwasi wake. Binti yake Mwende alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza, na daktari alikuwa ameonya kwamba uchungu ukianza tu afikishwe hospitali Kitui bila kuchelewa.

"I-ikizima," akasema, "mimi ni-nikifungua ki... ki..."

"Kitabu?" nikamwuliza.

Wateja waliokuwa wakingoja wakacheka. Nami nikiona wamecheka, nikaongeza, "Kibiriti? Ama ni kiatu unafungua, mzee?"

Alijaribu tena, midomo ikitetemeka, kisha akanyamaza. Nikamsaidia, au ndivyo nilivyouita ule ufidhuli wangu. "Unafungua boneti, inapoa, inawaka. Si ndiyo?" Akapunga mkono tu, akaiacha pikapu, akashika njia kwa miguu. Nikachukulia kwamba amekubali.

Waliosema kutangulia si kufika walikuwa wameniona mimi. Nilikata shauri kwamba pampu ya petroli inachemka, kwa sababu jua letu huigeuza petroli mvuke kabla haijafika kwenye injini. Hilo hutokea kweli, ndiyo maana nililiamini upesi. Nikasafisha plagi, nikapuliza kabureta, nikaizungusha pikapu sokoni mara mbili. Haikukohoa. Mwenyewe alikuwa amesema nusu saa, mimi nikaijaribu kwa dakika tano.

Jioni mwanawe Musyoki alikuja kuichukua. Mzee hakutaka kurudi pale, na sikujiuliza kwa nini. Nikamwambia kijana kwa madaha, "Ikizima, fungua boneti, weka kitambaa cha maji juu ya pampu, ungoje kidogo. Itawaka."

Wiki ya pili yake uchungu ulimshika Mwende asubuhi, baba yake akiwa mbali mtoni na ng'ombe. Musyoki akampakia dada yake na mama yao, akaondoka mbio. Pikapu ikazima mlimani. Akafungua boneti, akaweka kitambaa cha maji, akangoja, ikawaka. Ikaenda kidogo, ikazima tena. Akafanya vilevile mara ya pili, ya tatu, ya nne, na njiani haikupita gari nyingine. Maji aliyokuwa akimwagia pampu ndiyo maji ya kunywa ya Mwende.

Mwende alifia kule nyuma kwenye ile pikapu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake. Mtoto hakulia.

Usinitazame hivyo, mwanangu. Najua.

Baada ya mazishi Mzee Kilonzo aliileta gari mwenyewe. Siku hiyo Bwana Swaleh alikuwepo. Alimvutia kiti mteja wake, yeye mwenyewe akaketi juu ya gurudumu mbele yake. "Sema, ndugu yangu," akamwambia. "Mimi sina haraka."

Neno lilikuwa palepale nilipoliacha. "Ni-nikifungua ki... ki..." Bwana Swaleh hakumsaidia hata kwa herufi moja. Alikaa tu, mikono magotini. Nilitamani ardhi inimeze. Mwishowe likatoka: "Kifuniko. Kifuniko cha ta-tangi."

Bwana Swaleh akainuka, akazungusha kifuniko cha tangi la petroli. Tangi likavuta hewa, fyuu! Nilisikia kutoka nilikosimama.

Kifuniko cha zamani kilikuwa kimepotea, mzee akatengenezewa kingine na fundi wa bati, kikazibwa kwa mpira wa tyubu ili vumbi lisiingie. Hakikuwa na tundu la hewa. Petroli ilitoka bila hewa kuingia, hata injini ikakosa cha kunywa. Ukingoja, hewa hupenya kidogokidogo, ndiyo sababu kitambaa changu cha maji kilionekana kama dawa. Kumbe ilitosha kukifungua, kama mzee alivyofanya kila ilipozima; Musyoki alijua dawa yangu tu. Bwana Swaleh alichukua msumari, akakitoboa, kazi ikaisha.

Hakunipiga, ingawa ningeshukuru. Alisema, "Gari haina mdomo. Mdomo wake ni mwenye gari, nawe uliufunga ili watu wacheke."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilimpelekea Mzee Kilonzo mbuzi, nikaomba msamaha mbele ya mkewe. Alipokea kamba ya mbuzi, akanipa mkono, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba amekubali. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipomkaribia sokoni akiwa anazungumza na wenzake, alikatiza neno katikati na kungoja nipite. Hata tulipomzika, sikuwa nimesikia tena sauti yake.

Basi shika hili, mwanangu. Uwe fundi, mwalimu au mzazi, mtu akikuletea shida yake, mwache aifikishe mwisho. Usimmalizie neno, hata kama unadhani unalijua, na hasa ukidhani unalijua. Anayekwamakwama huenda ndiye aliyebeba jibu, na kicheko cha watu hakimfufui mtu.

Nakutemea mate ya baraka kifuani, kama wazee wetu walivyofanya. Mikono yako iponye. Masikio yako yatangulie mdomo wako. Na popote utakapoingia, asiwepo mtu wa kunyamaza kwa sababu yako.